Njia Nne, Gurudumu Moja

Njia mbili zilimshinda fisi.
Mimi ninazo nne, tena kabla ya chai:
lami ya mtaa wetu, laini kama sinia,
mawe ya Nawate yaliyopangwa kwa mkono,
kisha tuta la mto Metoba, nyasi na umande,
na mwisho changarawe, ile inayonong'ona chini ya viatu
kama watu wanaokusengenya ukiwapo.

Nataka gurudumu moja la kuzipita zote.
Si kwa mashindano. Sina haraka na mtu.
Nina miaka hamsini na mitatu,
goti la kushoto lina maoni yake,
na Jumapili zangu ni ndefu.

Dukani kwa Bwana Momose, nyuma ya stesheni,
zinaning'inia tatu darini
kama popo waliochelewa kulala.

Ya inchi ishirini aliishusha kwanza.
Naijua. Darasa la tatu tulifundishwa nayo,
wasichana kumi na wawili tumeshikana mikono
tukizunguka uwanja wa shule
kama pazia lililoota miguu.
Hugeuka juu ya sarafu.
Lakini kwa kilomita mbili, alisema Momose,
utapiga pedali kama cherehani,
na kila kokoto litakutajia jina lake.

Ya inchi ishirini na tisa ni twiga.
Ikishika mwendo haina neno, mawe inayameza.
Ila kuipanda! Mara sita, mkono ukutani.
Wahenga walisema kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma;
hawakuuona mchongoma huu
ambao hata kuupanda ni ngoma.

Ndugu yangu Tokihiro, aliyekuja kunisindikiza,
yaani aliyekuja kucheka,
akauliza gurudumu la pili tutalilipia lini.
Momose hakucheka. Alikuwa akinipima mguu kwa utepe
kama fundi wa suti.

Basi ya katikati: ishirini na nne.
Imetumika. Tandiko limechubuka pembeni
pale mtu fulani alipoangukia mara nyingi, upande uleule,
na mimi, sijui kwa nini, nikamwamini mtu huyo.
Tairi nene, la vijino vifupi,
si vile vya milimani vinavyolia kwenye lami kama nyuki.
"Upepo usijaze sana," alisema, akilibonyeza kwa gumba.
"Liache lipumue. Kokoto lizame kidogo
badala ya kukurusha."
Akabadilisha na mikono ya pedali,
akafunga ya milimita mia moja na hamsini,
mirefu, ya kusukumia tutani na kuzuilia mteremkoni,
maana breki hapa ni mapaja yako.

Nikaondoka nayo kwa majaribio. Amana, yeni elfu tatu.

Lami: salama.

Nawate: meno yaligongana, kofia ikashuka machoni,
muuza keki za umbo la samaki
akakikumbatia kikaango chake kwa mikono miwili.

Nyasi zilinivuta nyuma
kama mtoto aliyekataa shule.

Halafu changarawe.
Hapo nilikaa tandikoni kwa uzito wangu wote,
mikono ikaruka yenyewe kama nguo kambani,
sikutazama chini, nilitazama mlima
wenye theluji ya mwisho begani,
nikahesabu mizunguko: saba, kumi na nne,
ishirini na

Nilishukia miguu yangu, wima.
Gurudumu likaenda hatua mbili peke yake
likalala kwenye umande.

Kutoka darajani Tokihiro akapaza sauti:
"Ishirini na ngapi?"
Hakuwa anacheka. Alitaka kujua.

Sikumjibu. Nililiinua, nikafuta udongo kwenye tandiko,
pembe ileile,
mchubuko mpya juu ya ule wa zamani.
Zile elfu tatu
Momose na aziandike malipo ya kwanza.